Nimebakiza Tatu Tu

Benchi lile lilitengenezwa kwa mbao za kreti la vipuri, likaegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha fundi viatu, kando ya barabara inayoingia kwenye maghala ya mizigo. Lilikuwa na kasoro moja tu: halikuwa na kivuli. Asubuhi ukuta ulisaidia, lakini ikifika saa tano jua lilipanda juu ya paa, na wenye benchi lao wakaanza kunywa kahawa huku wamejifunika magazeti vichwani. Ndiyo maana dereva aliyeitwa Tani Thelathini, au Tani tu kwa wenye haraka, alikuwa mtu wa heshima pale. Kila alipokuja, lori lake refu lilikuja na kivuli chake. Siku hiyo lilipokata kona, watu wazima wawili waliinuka na vikombe mkononi wakaanza kumwelekeza: njoo, njoo, kata kidogo, bado, bado, hapo hapo! Tani akazima injini. Kivuli kikalala juu ya benchi lote, toka mwanzo hadi mwisho. Magurudumu ya mbele yakalala juu ya mistari myeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu, lakini hilo halikumsumbua mtu, maana mistari yenyewe ilikuwa imeanza kufutika.

Tani alishuka na barua mkononi, meno yote nje.

— Shangazi, mimina kahawa kwa wote! Leo mmekaa na msomi.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Alikuwa muuza kahawa, lakini wote walimwita hivyo, na walimwogopa kama vile ni kweli.

— Msomi wa nini tena? Juzi ulikuwa unaisoma risiti kichwa chini.

— Ile kozi ya madereva wa magari makubwa, Shangazi. Wiki mbili nimekaa darasani na miaka yangu yote hii. Si tulifanya mtihani? Matokeo haya hapa. Tisa kati ya kumi na mbili!

Benchi likapiga makofi. Wa kwanza kumshika mkono alikuwa Wakili, mwenye kibanda, fundi viatu ambaye aliwahi kuitwa mahakamani mara moja kutoa ushahidi kuhusu jozi ya viatu iliyoibwa. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kuzungumza kama watu wengine. Wa pili alikuwa Spana, fundi magari mstaafu. Gereji yake ilikuwa imekufa zamani, akabaki na spana moja tu, na hiyo aliitumia kukorogea sukari.

— Tisa! — Spana akasema. — Na kichwa hicho hicho?

— Hicho hicho. Mama watoto nimemwambia, kapiga vigelegele. Kampigia mama yake, naye kapiga vigelegele. Hata juzi pale kwenye kizuizi cha polisi barabarani, Afande aliponisimamisha na kuniuliza leseni yangu ikoje, nikamwambia bila wasiwasi: “Afande, nimeshapata tisa. Nimebakiza tatu tu, na mwezi huu nazitafuta nizikamilishe.”

— Akasemaje?

— Akanitazama sana. Nadhani hajawahi kuona dereva mwenye bidii.

Tani akampa Wakili ile barua aisome kwa sauti, maana yeye miwani ilimvunjikia, na tangu aipokee wiki iliyopita alikuwa ameona yale maandishi makubwa tu, yaliyokaa kwenye kisanduku katikati: JUMLA YA ALAMA, 9/12. Wakili akakohoa, akaishika mbali na uso kama hukumu.

— “Taarifa kwa dereva wa gari la biashara.” Umeona? Wanakuheshimu. “Unajulishwa kwamba jumla ya alama za...” — Akaisogeza barua karibu na macho.

— Alama za nini? Soma, bwana!

— “Alama za makosa.” Tani, ndugu yangu, hizi si za mtihani. “Kuzidisha mwendo, tatu. Kupita taa nyekundu, tatu. Kutumia simu gari likitembea, tatu. Alama zikifika kumi na mbili, leseni itafungiwa kwa miezi sita.”

Tani aliketi.  Miaka ishirini na miwili alikuwa nyuma ya usukani, na kazi nyingine hakuijua. Hata kuosha vyombo mama watoto alimfukuza jikoni. Saa kumi alasiri ile alitakiwa kupakia saruji na kuondoka. Sasa kosa moja tu, dogo tu, na dereva mzima angegeuka abiria. Hofu ilimshika waziwazi.

— Na nilimwambia Afande nazitafuta! — akalalamika. — Nimeahidi kwa mdomo wangu!

Hapo ndipo Spana alipocheka kwanza, akafuata Wakili, akafuata Shangazi na birika lake, na Tani mwenyewe, kwa kukosa la kufanya, akacheka mwisho. Walipomaliza kujifuta macho, kijiwe kikaingia kazini.

— Tulia, — Wakili akasema. — Hapa una watu. Tuanze na simu. Ulikuwa unaongea na nani?

— Mama mkwe.

— Nani alimpigia mwenzake?

— Yeye. Na mama mkwe simu yake huikati wala huiachi iite. Ukiiacha iite, kesho kuna kikao.

— Basi mkosaji ni yeye! Alama tatu ni zake.

— Mama mkwe hana leseni, — Tani akasema.

— Apewe. Aende akasome udereva, apewe leseni, halafu zile tatu zihamishiwe kwake. Unabaki na sita.

— Ana miaka sabini na nne.

— Sheria haina umri!

Spana akagonga kikombe kwa spana yake kuomba nafasi.

— Wakili, unazunguka mbali. Mimi nasema kiufundi. Hii taa nyekundu, Tani, uliipitaje?

— Nilipoiangalia ilikuwa ya njano.

— Uliiangalia ukiwa wapi?

— Nikiwa mbali kidogo.

— Mbali kiasi gani?

— Pale kwenye kituo cha mafuta.

— Hicho kituo kipo nusu saa kutoka kwenye taa, — Shangazi akasema.

— Haidhuru! — Spana akaendelea. — Lori lake ni refu. Kichwa kilipita njano, mkia ndio uliopita nyekundu. Sasa, mkia ni tela. Tela lina namba yake, lina bima yake, lina matairi yake. Mtu hawezi kufungiwa leseni kwa kosa la tela. Tela ndilo liitwe!

— Liitwe wapi? — Tani akauliza, na sauti yake ilianza kupata tumaini.

— Mahakamani. Likashindwe kujieleza.

Wakili hakupenda kupitwa kwenye uwanja wake. Akachukua kipande cha gundi kavu, akaanza kupiga hesabu juu ya soli ya kiatu cha mteja.

— Subirini. Gari lina magurudumu mangapi?

— Kumi na nane.

— Na alama ni tisa. Tisa ukizigawa kwa kumi na nane, kila gurudumu lina nusu. Kisheria nusu alama si kosa. Nusu alama ni... ni wasiwasi tu. Unamfungiaje mtu leseni kwa wasiwasi?

Benchi likanung'unika kwa kukubali. Mama mmoja mwenye kikapu alitokea mbele ya lori, akanyoosha shingo kuchungulia magari, akarudi nyuma, akanyoosha tena. Hakuna aliyemwona. Hata Tani, ambaye alikuwa anamtazama, hakumwona.

— Mimi nina njia bora kuliko zenu zote, — Spana akasema. — Mwendo wenyewe tunauondoa. Ukienda mbele mashine inahesabu, si ndiyo? Basi Tani arudi nyuma. Achukue lori, aende rivasi kutoka hapa hadi ghalani, kutoka ghalani hadi mwisho wa safari. Kamera itaona namba za mbele zinaondoka, itafikiri anatubu. Inamrudishia alama.

— Kilomita mia tatu rivasi? — Tani akauliza.

— Pole pole. Shingo itazoea.

Shangazi aliinamisha birika, akamimina mzunguko mwingine.

— Kwani Tani hawezi kuendesha vizuri tu? — akauliza.

Wote wakamgeukia.

— Shangazi, — Wakili akasema kwa huruma, — hapa tunajadili mambo mazito.

Hapo hapo kiatu kizito kilisimama kwenye lami. Tani hakuhitaji kuinua uso. Kile kiatu alikifahamu tangu juzi pale kwenye kizuizi. Alikuwa Afande, mwanamke mrefu wa usalama barabarani, kofia kwapani, jasho usoni. Akawasalimu kwa upole, akaketi mwisho wa benchi, akajinyoosha.

— Shangazi, nipe na mimi. Ahaa! Kivuli kizuri hiki.

— Tunajitahidi, Afande, — Wakili akasema kwa majivuno. — Hakikuja chenyewe.

Afande akapuliza kahawa. Akainua macho kufuata kivuli, akapanda nacho polepole hadi kwenye turubai, akashuka nacho hadi kwenye magurudumu ya mbele na ile mistari myeupe chini yake. Akaacha kupuliza.

— Lori la nani hili?

Spana aligundua kwamba spana yake ina kutu mahali fulani, akaanza kuikagua. Wakili akafungua mdomo.

— Neno “la nani”, Afande, kisheria lina...

— Sikukuuliza maana yake.

Ufunguo ulikuwa mzito mfukoni mwa Tani. Angeweza kunyamaza. Angeweza kunywa kahawa yake, akaaga, akapotelea nyuma ya kibanda, ingawa kwenye bampa ya mbele pameandikwa TANI THELATHINI kwa rangi nyekundu. Yule mama wa kikapu alichungulia tena, na safari hii Tani alimwona. Alimwona akirudisha mguu haraka, gari dogo likampita karibu na kikapu. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Langu, Afande.

Afande akageuka, akamtazama sana, vilevile kama juzi.

— Ni wewe! Wewe ndiye uliyebakiza tatu. Si ulisema mwezi huu unazitafuta? — Akaelekeza kikombe kwenye kivuko. — Kuegesha hapo ni tatu kamili. Umezipata?

— Afande, nilidhani ni za mtihani.

Akaeleza yote kwa pumzi moja, kozi, miwani, vigelegele, mama mkwe, mpaka Afande akalazimika kuweka kikombe chini kwa kucheka. Lakini alipomaliza kucheka alitoa kalamu, akatoa na kitabu.

— Pole, dereva. Ila kosa ni kosa.

— Najua. Nimeogopa, sikufichi. Kazi nyingine sina. — Tani akasimama. — Andika, Afande, lakini niruhusu kwanza nilitoe. Yule mama hawezi kuvuka.

Akaondoka bila kungoja jibu. Alimvusha kwanza yule mama, kikapu akakibeba mwenyewe. Kisha akapanda, akafunga mkanda, akatazama kioo cha kulia, cha kushoto, akawasha indiketa, akatazama tena vyote viwili, na lori likaenda hatua arobaini kwa mwendo wa mgonjwa anayejifunza kutembea, hadi kwenye maegesho halali yaliyokuwa wazi siku zote. Wale wale wawili, Wakili na Spana, walianza kuinua mikono kumwelekeza. Akawafanyia ishara waiteremshe.

Aliporudi, Afande alikuwa ameshachana karatasi. Tani akaipokea, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akashindwa kuisoma.

— Nisomee, Afande. Wakili simtaki.

— “Onyo. Alama: sifuri.”

— Sifuri?

— Sifuri. Lile la yule mama nimeliona. Lakini mara ya pili usitegemee kicheko.

Tani aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Tangu aanze shule hakuwahi kuifurahia sifuri kiasi kile. Alifikiri kumpigia mama watoto akiwa safarini, akakumbuka kwamba simu ni alama tatu, akaamua kumpigia sasa hivi akiwa amesimama chini, miguu yote miwili ardhini.

Jua lilikuwa limeliangukia benchi lote. Wakili alitafuta gazeti, Spana akajikinga kwa kisahani. Afande hakuwa amerudisha kalamu mfukoni. Alikifungua tena kitabu kwenye ukurasa mpya, akawatazama mmoja baada ya mwingine, kwa adabu kabisa.

— Sasa nisaidieni jambo moja tu. Waliomwelekeza aegeshe pale walikuwa akina nani?

Wakili akatazama soli. Spana akatazama spana. Shangazi akalitikisa birika, akalisikiliza, akaanza kukusanya vikombe.

— Kahawa imekwisha, — akasema.