Bado Kidogo Kufika Voi

Kwenye treni ya jioni ya kutoka mjini, nilimpakata mwanangu karibu na majirani wawili waliokuwa wakibishana. "Mzee Musyoka, niuzie lile gari lako la kifahari, lenye kitanda na jiko. Linaoza tu pale Buruburu! Ning'oe kitanda, niuze chipsi."

"Dubow, nililinunua kuukuu nimpeleke marehemu mke wangu Voi. Kila Jumamosi tulitoka, likifika soko la nyama la Burma, injini inachemka. Tunanunua nyama, anafunga mapazia, tunaila humo humo. Ananiuliza, 'Baba Mbinya, tumefika?' Namwambia bado kidogo."

Mwanangu akaanza kulia. Nikamnyonyesha upesi, nisikose neno.

"Na fundi anasemaje?"

"Anasema linatengenezeka. Lakini sasa Voi nitaenda na nani?"

Treni ikasimama Makadara. Dubow akambebea mzee mfuko, wakashuka.