Mzee Nazombe, Dawati Lako Liko Mbele

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mzee Laston Nazombe anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika mashamba yetu ya chai hapa Thyolo. Ofisi ilituagiza sisi wa chama cha wafanyakazi tuandike kwamba alikuwa mtiifu. Thubutu! Tunaandika yaliyotokea.

Alianza kwa kuchuma chai, akapanda hadi dereva wa lori. Aliendesha huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya ajabu. Tukilalamika kule nyuma, alijibu, "Asiyetaka ashuke, atembee na kikapu chake."

Kisha kampuni ikajitia kupenda shule. Madawati mapya yakapelekwa shule ya kwanza. Ngoma, hotuba, picha. Wageni walipoondoka, Meneja Kamwendo akaamuru yarudishwe kwenye lori. Wiki iliyofuata, madawati yale yale yakatolewa zawadi kwa shule ya pili! Jamani, hata haya hawana?

Ya tatu ilikuwa Nansato. Watoto waliozoea kukaa sakafuni waliimba juani tangu asubuhi. Picha zilipokwisha, Meneja akasema, "Pakia, twende." Mwalimu mkuu, Bi. Tereza Likoswe, akamshika Mzee mkono. "Baba, hawa nitawaambia nini?"

Mzee alienda chooni, akarudi akijipangusa mikono. "Samahani, bosi. Ufunguo wa lori umetumbukia shimoni. Ukiutaka sana, ingia."

Ufunguo wa akiba ulipofika kesho yake, kila dawati lilikuwa limekaliwa na watoto wanne, na mama zao wamesimama mlangoni, mikono kiunoni. Lori lilirudi tupu.

Kwa hilo Mzee alinyang'anywa usukani, akapewa ufagio wa kiwandani. Miaka kumi na miwili ameshika ufagio! Na kila mwaka kampuni inachapisha picha ya Nansato kwenye kalenda yake, ikijisifu kwamba inajali jamii. Inatukera, na tunasema mbele yao.

Asante, Mzee wetu. Tunakuombea wewe na mama afya njema, mahindi ya kutosha, na asubuhi zisizo na king'ora cha kiwanda. Imba unavyotaka, sasa majirani ndio watakaokoma.

Viti vya mbele leo wamewekewa wakubwa. Lakini wazazi wa Nansato wamekuja na dawati moja, wamelibeba kichwani kutoka shuleni, wameliweka katikati ya viti hivyo. Ni lako. Kaa, Mzee. Hakuna atakayelipakia.