Madamu Fujo na Somo Lake la Ugomvi

Wafiwa wenzangu, majirani, walimu, na ninyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma, naomba tusikilizane, familia imeniteua mimi mdogo wake marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, niwasomee habari za maisha yake, na mnaonifahamu mnajua kwamba sauti ninayo ila subira sina, kwa hiyo nikishindwa kusoma mnivumilie, na nikikasirika mnivumilie zaidi. Shangazi yetu ameniomba nipite kimyakimya jambo moja, kwamba kuna binti amesimama nje ya geti tangu asubuhi na baadhi yetu hawataki aingie, lakini mimi sitalipita, nitalifikia mahali pake, maana huwezi kusimulia kifo cha dada yangu ukamwacha yule mtoto nje ya habari.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa fundi mitambo na muuza maziwa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya treni, ambako kuta zilikuwa nyembamba kiasi kwamba tulijua nani kapigwa na nani kapiga kabla hata chai haijachemka. Baba yetu, Mungu amrehemu, mkono wake ulikuwa mwepesi, mkanda ulitoka kiunoni kabla neno halijatoka mdomoni, na dada ndiye aliyekuwa akijitosa katikati, akininong'oneza, "Wewe nyamaza, mimi nitalia kwa niaba yako," kisha analia kilio cha kuamsha mtaa mzima, majirani wanajaa mlangoni, baba anaona haya na kuacha. Nadhani ndipo alipoanza kuiamini kelele.

Alianza shule ya msingi Januari 1978, akajiunga na sekondari mwaka 1985, na huko Kifaransa kilifundishwa na mwalimu tuliyempachika jina la Rula, kwa sababu alitembea na rula ya mti na kila kosa la kitenzi lilikuwa na kipigo chake, cha ukingo, juu ya vifundo vya vidole. Darasa zima liliweza kukariri vitenzi bila kuvuta pumzi, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuomba maji ya kunywa. Dada akiwa kidato cha pili, Rula alimvunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto, akaifuta damu iliyobaki kwenye rula kwa kile kitambaa cha kufutia ubao, akaendelea na sentensi iliyofuata, na dada akarudi nyumbani na mkono kifuani, na baba, badala ya kwenda kumuuliza Rula, akauliza ni kitenzi gani kilichomshinda.

Katika chuo cha ualimu alikuwa wa kwanza kwenye mitihani ya kuandika, lakini siku ya mtihani wa mazungumzo, mwezi Juni 1993, mtahini alikuwa mama mpole mwenye miwani, akamuuliza kwa Kifaransa ameamkaje tu, basi, na dada yangu akaficha mikono chini ya meza, hakujibu mpaka muda ukaisha, akafeli, akarudia mwaka uliofuata. Aliniambia, "Mdogo wangu, najua kila kitu, lakini mdomo unauogopa mkono." Siku hiyo alikasirika kwa namna ambayo haikumtoka tena, na ile hasira ndiyo iliyomfanya mwalimu.

Aliajiriwa tarehe 9 Januari 1995 katika sekondari iliyo jirani na soko la mitumba, akafundisha hapohapo hadi mwisho, na wanafunzi wakamwita Madamu Fujo, jina alilolipokea kwa mikono miwili. Asubuhi alisukuma madawati ukutani, darasa likawa zahanati, kesho likawa duka, keshokutwa kituo cha basi, kila mwanafunzi akapewa kitu anachokitaka na mwenzake asiyetaka kukitoa, wakazungumza kwanza wawili wawili ili aibu imalizikie kwa mtu mmoja, ndipo wasimame mbele ya wote. Mtu akikosea hakumkatiza, alisikiliza hadi mwisho, kisha akayaandika makosa ubaoni bila kusema ni ya nani, na darasa lenyewe likayarekebisha, na Kiswahili kilibaki nje ya mlango pamoja na miavuli.

Alhamisi ilikuwa siku ya ugomvi, kwa sababu aliamini kwamba mtu mwenye hasira hana nafasi ya kutafsiri kichwani, neno linatoka lenyewe au halitoki. Alikuwa akimwomba mtu yeyote, mpishi wa shule, mlinzi, seremala, avamie darasa bila taarifa, aingie anafoka kwa Kiswahili, anadai hiki na kile, na wanafunzi wamkabili kwa Kifaransa mpaka atoke. Mkuu wa shule wa zamani alisikia makelele akadhani ni vita, akaingia na fimbo akiwacharaza watoto kushoto na kulia, dada akasimama mbele yake, akapasuliwa nyusi, akashonwa, na Alhamisi iliyofuata akamwalika mkuu huyohuyo aje kugombana rasmi. Mimi pia niliwahi kuitwa, niwe mwenye nyumba mkorofi, nikaingia na nyundo nikipigapiga milango, na kitoto kimoja kisichofika kifuani kwangu kikanielekezea kidole usoni kikibwata maneno nisiyoyajua, nikarudi kinyumenyume hadi uani, jasho linanitoka, nikajikuta naomba radhi kwa kosa ambalo sijui lilikuwa lipi. Dada alicheka hadi akakaa chini.

Alifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1998 na shemeji yetu huyu, fundi cherehani, mtu asiyesema sana, na wakajaliwa watoto wawili, wa kike ambaye sasa ni muuguzi na wa kiume aliyeko chuoni. Dada alimgombeza mumewe kwa Kifaransa ili asipoteze mazoezi, na shemeji alimjibu kwa kukanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, wakaelewana hivyo miaka yote.

Sasa nafika pale. Katika darasa lake alikuwepo binti wa fundi matairi, na fundi huyo alikuwa na tabia ya kumpiga mkewe, na usiku mmoja yule binti alisimama kati ya wazazi wake, na woga ulipomkaba akayatoa yale aliyofundishwa Alhamisi, kwa Kifaransa, kwamba usimguse, toa mkono wako, nitaita watu. Baba yake hakuelewa, na kutoelewa ndiko kulikompandisha wazimu, akasema, "Unanitukana kwa lugha nisiyoijua, ndani ya nyumba yangu?" akamvunja taya. Dada alipomwona binti ameingia darasani uso umevimba, alifunga vitabu, akamshika mkono, wakaenda polisi, na fundi akawekwa ndani, kisha akatolewa, kama wanavyotolewa.

Alhamisi ya tarehe 2 Machi 2023 yule fundi matairi aliingia darasani na chuma cha kufungulia matairi, anafoka kwa Kiswahili, na darasa likafanya kile ambacho darasa lingine lolote duniani lisingefanya, likafurahi. Walidhani ni mgeni wa siku hiyo. Walisimama mmoja baada ya mwingine wakimjibu kwa sentensi safi, bwana weka chini hicho chuma, bwana una shida gani, na binti alipopiga ukelele, "Ni baba! Ni baba yangu!" wenzake wakampigia makofi kwa kuigiza vizuri, mmoja akamkumbusha aseme kwa Kifaransa. Pigo la kwanza lilipasua dawati. Dada alijitosa katikati ya yule mtu na mwanawe, akapaza sauti kwa Kiswahili, ndani ya darasa lile, "Kimbieni!" na hapo ndipo watoto walipojua. Pigo la pili lilimvunja mkono alioinua, la tatu lilimpata kichwani, na yule mtu aliendelea kupiga hata alipokuwa ameanguka.

Nimesikia watu wakisema kwamba wanafunzi walicheka mwalimu wao akiuawa. Sikilizeni basi yote. Waliambiwa wakimbie, na mlango ulikuwa wazi, na hawakukimbia, wa kwanza kumrukia alikuwa binti mwenyewe, akamng'ata baba yake mkono hadi mfupa, kwa taya lile lililokuwa halijapona, wengine wakafuata na viti, na damu iliyokuwa sakafuni haikuwa ya dada peke yake. Mlinzi ndiye aliyemwokoa yule mtu, na mimi nasema mbele ya jeneza hili kwamba ningependa mlinzi angechelewa kidogo, Mungu anisamehe au asinisamehe, nimesema.

Kwa sababu yao dada alifika hospitali akiwa hai, akapasuliwa kichwa mara mbili, watoto wake wakamshika mkono ukiwa bado na joto, na alifariki Jumamosi tarehe 11 Machi 2023, alfajiri, mumewe akiwa pembeni. Jana kwenye kikao shangazi alisema damu ya muuaji isikanyage hapa, na sikumlaumu, ana uchungu, sote tuna uchungu, mimi mwenyewe nilikaribia kumuunga mkono. Ndipo shemeji, ambaye hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi kwa mkupuo mmoja, akasema, "Mke wangu amekufa akimzuia yule asimfikie mtoto. Leo sisi tumfukuze? Basi alikufa bure." Kikao kikaishia hapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana hadi mwisho, majirani waliotupikia na kulala nasi hapa, mkuu wa shule na walimu wenzake, mpishi na mlinzi, na polisi kwa safari hii kufunga mlango barabara. Wanafunzi, jeneza mtalibeba ninyi, simameni mjipange, warefu mbele, wala msitazame chini, hamkuja hapa kuhukumiwa.

Shangazi, nakuomba kwa heshima usogee upande, acha nafasi kati ya watoto wa marehemu, nafasi ya mtu mmoja. Karatasi yangu imeisha, naiweka chini, natoka kwenda getini kumshika mkono yule binti.

Dada, tulia sasa, mtoto anaingia.