Fimbo ya Mzee Pazia

Benchi lile liko mbele ya mgahawa wa kona, pale mteremko wa Crêt de Roc unapochoka na kuwa uwanja, na wenyewe walishaligawana zamani. Kushoto hukaa Firmin, ambaye mji mzima wa Saint-Étienne unamwita Kijani kwa sababu jezi ya kijani ya timu ya mji huivua siku ya kuifua tu. Kulia ni Bi Josiane, aitwaye Meya: hajawahi kugombea cheo chochote, ila hakuna taa ya barabarani inayozimika bila yeye kutoa tamko. Katikati ni mzee Anselme, maarufu kama Pazia, aliyefanya kazi nyuma ya jukwaa la mji tangu enzi alipokuwa na nywele. Asubuhi hiyo Pazia alikuja na koti lake la harusi na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye taulo. Ng'ambo ya uwanja alikuwapo Clotilde Faverjon, mwigizaji aliyezaliwa mtaa wa nyuma, akalizwa na waongozaji wa Paris nusu ya maisha yake, kisha akageuka kuwa mwongozaji mwenyewe. Alikuwa akiandaa filamu yake ya tatu, na ndani yake mlikuwa na mzee wa kugonga sakafu kwa fimbo mara tatu, kama ilivyo desturi ya majukwaa, kabla pazia halijafunguliwa. Pazia alikwishawaambia watu wa sokoni, wa kanisani na daktari wake wa meno kwamba mzee huyo ni yeye. Aliyekuwa bado hajaambiwa ni Clotilde.

— Kapita mara mbili, alisema Kijani akipuliza kahawa. Hata shingo hakugeuza.

— Anapima mwanga, alijibu Pazia. Mwongozaji akipima mwanga hamwoni hata mama yake.

— Mama yake kamwona. Kampungia mkono pale kwenye duka la mikate.

— Mama yake alikaa penye mwanga.

Bi Josiane akakoroga kahawa yake, ambayo haikuwa na sukari.

— Mimi nasikia jana wamemjaribu mtu wa Lyon.

Kijani akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, maana Lyon ndio mahasimu wa timu yake.

— Lyon. Si nilisema? Mnafikiri aliacha kuigiza kwa nini? Lyon hao hao.

— Acha hizo, alisema Meya. Aliacha kwa sababu walimchosha kwa kumfisha kwenye filamu. Alizama mtoni, akagongwa na treni, akafa kwa kifua, akafa kwa mapenzi. Mtu anafika mahali anasema jamani, leo na mimi nikae. Akakiona kiti cha mwongozaji kina pa kuegemeza mikono. Akakaa. Hakuinuka tena.

— Na alipofika hamsini wakaanza kumpa nafasi za mabibi, aliongeza Pazia. Bibi anakoroga supu. Bibi kasinzia.

— Nyie mnapita juujuu, alisema Kijani. Yule machozi yalimwisha. Kuna daktari wa macho kule Lyon alimpa dawa ya matone, na tangu siku ile machozi yakawa yanaenda kwao. Mbona waigizaji wao siku hizi wanalia vizuri?

— Kwa hiyo mvua ikinyesha Lyon, ni Clotilde?

— Sijasema hivyo, Meya. Nauliza tu, umewahi kuionja?

Pazia akanyoosha mkono kuwatuliza, kama alivyokuwa akiwatuliza mafundi wa taa.

— Nyote hamkuwapo. Mimi nilikuwapo. Usiku wake wa kwanza alikuwa na miaka kumi na tisa, mtumishi mwenye sinia, maneno manne tu: supu iko tayari, bwana. Basi kabla hatujafungua, kamfuata mwigizaji mkuu, mtu mwenye kitambi na jina, kamwambia asogee, anaziba sinia. Na jamaa akasogea. Huyo aliongoza kabla hajaigiza.

— Sasa inakuja skafu, alinong'ona Meya, aliyeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko misa.

— Naam, skafu. Ya kijani, shingoni, ya baba yake. Walitoka wote mpirani. Nikamwambia, binti, kijani hakipandi jukwaani, ni nuksi. Akasema mji wote huu ni kijani. Nikamwambia mji sawa, jukwaa hapana. Nikashika fimbo yangu, sikugonga. Meneja ananionyesha saa, ukumbini watu wanakohoa, mimi kimya. Mpaka akaivua.

— Hapo ndipo ulipojiharibia, mzee. Mtoto wa timu unamvua rangi zake? Mimi jezi hii nitazikwa nayo. Yule anakumbuka, ndiyo maana hageuki.

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, Pazia akahisi koti la harusi linambana. Hilo hakuwa amelifikiria: kwamba angeweza kukumbukwa, na kwamba kukumbukwa ndiko kungemnyima.

— Basi gonga, alisema Meya. Fungua taulo lako, gonga, atageuka.

— Haigongwi bure, Josiane. Ukigonga, lazima mtu atoke. Asipotoka mtu, hiyo ni kelele ya fundi seremala.

— Unaogopa hatatoka.

Pazia akanywa kahawa kwenye kikombe kilichokwisha zamani.

Hapo mama mmoja mwenye redio kiunoni akavuka uwanja, akasimama mbele ya benchi.

— Habari za asubuhi. Mimi ni msaidizi wa Clotilde. Tunamtafuta mzee wa kugonga. Filamu nzima hasemi neno. Wa jana alikuwa mzuri, ila kila tukianza ananong'ona. Kwa hiyo nauliza tu: kati yenu, nani anaweza kukaa kimya?

Meya akafungua mdomo, akaufunga. Kijani akainua kidole, akauona mtego, akajikunia sikio kwa kidole hicho hicho. Swali lile lilikuwa na ubaya wake: wa kulijibu ameshashindwa.

Pazia alikuwa na jibu, tena refu, lenye meneja na kikohozi na sinia. Likampanda mpaka kooni. Akalimeza. Akafungua taulo, ikatoka fimbo yenye mahameli mekundu na misumari ya shaba. Akasimama, akagonga jiwe la uwanja mara tatu, polepole.

Njiwa wakaruka. Ng'ambo, Clotilde alikuwa katikati ya neno. Neno likabaki hapo. Mgongo ukanyooka, mkono ukapanda shingoni kama unatafuta kitu, na miguu ikaanza kuja yenyewe, hatua za mtu aliyebeba sinia iliyojaa.

Akafika. Akamtazama Pazia. Pazia akamtazama, mdomo umebanwa kama wa mtoto anayemezeshwa dawa. Kisha Clotilde akageuza macho kushoto mwa benchi.

— Mzee Anselme, huyu naye? Utafungua na kijani kiko jukwaani?

Pazia akainua fimbo, akaiacha hewani. Msaidizi akatazama saa. Mtu akakohoa mlangoni mwa mgahawa. Kijani akamtazama Meya, na Meya akawa anaikagua taa ya barabarani.

Basi Kijani, aliyekuwa azikwe nayo, akaivua jezi kupitia kichwani bila neno, akaikalia, akabaki na fulana katika baridi ya Novemba.

Ndipo fimbo ikashuka.