Ngome Imeng'oka: Mama Lebo Anaagwa

Mfanyakazi mwenzangu, kabla hujaendelea nakuomba sana: funga mlango, na neno hata moja lisitoke kwenye karatasi hii mpaka Ijumaa mchana. Anayeagwa hunusa siri kama paka anavyonusa samaki, na meza yake inatazamana na yangu.

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Lebo atastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda chetu cha mvinyo. Alianza akichuma zabibu kule Mteremko wa Mawe, ng'ambo ya kijito, kisha akahamia chumba cha kubandika lebo, ambako sasa ndiye msimamizi. Mashine ya kubandika ilipoletwa aliikaribisha vizuri, akaipa sharti moja: chupa ya kwanza ya kila katoni ipite chini ya kidole gumba chake. Lebo ikiinuka pembeni, katoni nzima hurudi. Dereva wa lori hulalamika kwamba mama huyu angemrudisha hata bibi harusi kwa shela iliyopinda. Mama Lebo humjibu kuwa angemrudisha na bwana harusi, kama amekuja na shati kama lile la dereva.

Tutamkumbuka zaidi kwa vita vyake na ngome. Lebo yetu ya zamani ina picha ya ngome yenye minara, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Wageni wakiuliza iko wapi, Mama Lebo huwapeleka kwenye tangi la maji na kuwaambia malkia ametoka kidogo. Halafu huwavusha kijito, akawaonyesha mizabibu iliyong'ang'ania mawe, na kusema hakuna zabibu iliyowahi kuchumwa mnarani. Chupa nayo, husema, itaje kwao ni wapi. Kila mwaka alimwambia meneja hivyo. Kila mwaka meneja aliguna.

Mwaka huu hakuguna. Lebo mpya imeshachapwa. Ngome imeng'oka, na mahali pake pamechorwa mteremko na mwanamke mwenye kikapu, kofia yake imelalia sikio la kushoto. Sote tunaijua kofia hiyo. Chini yake pameandikwa: Mteremko wa Mawe.

Ila ni lebo ya kwanza kuchapwa bila yeye kuipitisha, ndiyo maana ninatembea roho mkononi. Ijumaa mchana, kwenye sherehe ya kumuaga, ataifunua chupa yenye lebo hiyo, na kabla ya kutazama picha atapitisha kidole. Akikuta imepinda, gundi na kitambaa kibichi viko tayari chini ya meza. Ataibandika upya mwenyewe, nasi tutapiga makofi vilevile.

Mama, utakaposoma haya siri itakuwa imekwisha. Asante kwa kila katoni uliyoturudishia. Kidole chako kipumzike, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na kwenye kila meza utakayokaribishwa ukute chupa inayotaja kwenu.

Nanyi wenzangu, mwenye shaka asinipigie simu, kwani Mama Lebo ndiye huipokea. Agonge dirisha la stoo ya vizibo wakati wa chai. Ukinikuta naye, niulize kama gundi imefika. Nitakufuata nje.