Mwaka Ulio Kwenye Jiwe la Daraja

Basi lilikuwa likiteremka bondeni, na mwalimu aliyeketi mbele yangu alikuwa akisahihisha mitihani mapajani. Mzee wa pembeni yake, mikono imejaa makovu ya patasi, alimwona akitia alama ya kosa. "Huyo mtoto umemwonea," akasema. "Daraja letu lilikwisha kujengwa mwaka sabini na nne, kama alivyoandika."

"Jiwe la pale darajani linasema sabini na mbili, mzee wangu." Hakuinua kichwa. Alikuwa amebakiza karatasi kama arobaini.

"Jiwe nililichonga mimi. Wakubwa walikuwa na haraka, wakataka jiwe liwe tayari kabla ya daraja. Mafuriko yakabomoa nguzo, tukaanza upya. Nani angekubali jiwe lichongwe tena?"

"Sasa mimi nifanyeje? Kitabu cha shule kimefuata jiwe."

Nilidhani yameisha. Watu wa bondeni hawamalizi ubishi, huteremka nao.

"Mdogo wangu alichukuliwa na maji mwaka sabini na tatu," mzee akasema taratibu. "Kwa kitabu chako, alikufa akijenga daraja lililokwisha kujengwa."

Kalamu nyekundu ikasimama juu ya karatasi. Kondakta akagonga bati, akaita, "Darajani." Wote wawili walikuwa wanashuka hapo.