Sufuria Saba Zilizouzwa Mtandaoni

Weka mkono kifuani, uape halitatoka. Bon, umeapa. Na mimi nilimwapia Mama Nabintu hivyo hivyo juzi, na tayari nimewaambia watu watatu, lakini wale ni wa kwaya, hawahesabiki. Benchi lenyewe unalijua, lile la mbele ya nyumba ya mashine za kufulia, huku Lower West Side ya Buffalo, Amerika. Watu wanatia nguo ndani, wanatoka kungoja na kahawa mkononi, na kabla nguo hazijakauka mtu wa watu ameshavuliwa zake. Ni Oktoba hii ya 2015, baridi imeanza kuuma masikio. Mama Nabintu alikaa katikati, na moyo ulimdunda kushinda zile mashine.

Akina mama wa Kivu wana sufuria saba, zile ambazo mbuzi mzima anaingia bila kukunjwa miguu. Walizinunua Louisville kwa michango. Nabintu alipohamia Buffalo akaja nazo, yeye na dada zake watatu, akaziweka storeji, vile vyumba vya mabati vya kukodi, pamoja na miiko na chupa yao ya chai. Jumamosi hii ndugu yetu Sebineza anamwoza binti, watu mia tatu, nusu yao kutoka mji wa Columbus. Basi Jumatatu Nabintu alikwenda kuzitoa, ufunguo ukakataa kuingia. Msichana wa ofisini akamfungulia karatasi: kodi miezi mitatu haijalipwa, barua zilitumwa Louisville kwenye anwani ya kitambulisho chake cha zamani, vitu vimeuzwa kwa mnada wa mtandaoni. Kumbe kodi ilikuwa ikijikata yenyewe kwenye kadi ya benki. Kadi mpya ilipokuja, Nabintu aliikata ya zamani kwa mkasi, akaamini mashine zitaambiana.

Ungekuwa wewe, umeshika ufunguo wa wenzako miaka sita, ungesema nini? Yeye alisema wezi wamevunja.

Pale benchini wezi hao walikuwa wameshapata sura. Karoli, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu ya miwani, alieleza kwamba sufuria zilitolewa moja moja, kila juma moja, ndani ya gari la mtoto.

— Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

Cleopas, yule Mkenya aliyesoma sheria mihula miwili na jina la Wakili likamganda, alikataa.

— Profesa, hiyo ni kazi ya watu wa ndani. Hao wageni wa Columbus, nani aliwaalika? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji amepona sufuria.

Hapo Nshombo akaingilia. Huyu anaitwa Kilomita, kwa sababu haongei kitu ambacho hajakifuata kwa gari. Alisema kuna kiwanda kinanunua aluminiamu ya Afrika, kwa kuwa imezoea moto, na sasa hivi sufuria zetu ni bawa la ndege. Alisema hivyo bila kumtazama mtu, akamwaga kahawa yake nusu chini.

Nabintu aliitikia kila mmoja. Ndiyo, gari la mtoto. Ndiyo, Columbus. Hata bawa la ndege alilikubali, maana kila uongo wa mwenzio ni blanketi juu ya ule wako.

Ndipo akatoka Bilha, msichana wa Kenya anayesomea uuguzi, kikapu cha nguo kiunoni. Akasalimu vizuri, shikamoo kwa kila mkubwa, akasikiliza kidogo, akauliza:

— Na polisi walisema nini, Mama?

Benchi zima likageuza shingo. Profesa akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Nabintu. Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

— Kahawa imeisha, akasema Nabintu.

— Njo vile, imeisha kabisa, akadakia Nshombo, tayari amesimama. Nina ingine ndani ya gari. Mke wangu alijaza asubuhi.

Alikwenda mbio na kurudi mbio, chupa kubwa ya chai kwapani. Akainama kummiminia Nabintu kwanza, kwa heshima. Chupa ilipoinama, kitako kikamtazama mama usoni: nukta mbili za rangi ya kucha, nyekundu. Mwanamke wa kwetu hapeleki chombo kwenye harusi wala matanga bila alama, la sivyo kitarudi na mwingine. Na zile nukta Nabintu alizipaka mwenyewe.

— Nshombo. Simama hivyo hivyo.

Akasimama. Kahawa ilifurika kikombe, ikamwagikia kiatu cha Profesa, naye hakuthubutu kuuvuta mguu.

— Na sufuria ziko wapi?

— Kwangu, Mama. Zote saba, hata miiko. Sikuuza hata kifuniko.

Nabintu alimnyang'anya ile chupa, akaikumbatia kama mtoto aliyetoka hospitali. Alicheka, akalia, akamshukuru Yesu, akamwita Nshombo mbwa, yote kwa pumzi moja. Jumamosi watu watakula.

— Mwizi tumemshika na kidhibiti, akatangaza Wakili, kidole juu.

— Mimi si mwizi, akasema Nshombo, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Donc, nilinunua kwa simu, mnada. Picha ilionyesha maboksi, nikafikiri ni televisheni. Nilipofungua na kuona vyombo vya akina mama nilikuja kusema, nikakuta mnasema vimeibwa. Nani angeniamini?

— Mnada wa nini? akauliza Profesa.

— Wa kodi. Chumba hakikuvunjwa na mtu, Papa Karoli. Hakikulipwa.

Wakili alikishusha kidole polepole kutoka kwa Nshombo, hakijui pa kutua. Kisha wote watatu, na Bilha na kikapu chake, wakamgeukia Mama Nabintu, aliyekaa katikati ya benchi na ule ufunguo usiofungua kitu ukining'inia shingoni, amebana chupa kifuani kwa mikono miwili, akitabasamu bado.